Namba Tasa za Mwalimu Zinaishia Dirishani

Kawajense, Jumapili, jua likiwa bado juu

Devota, mwanangu,

Mama yako amekwenda sokoni Kashaulili kukununulia ndoo, sufuria na dagaa. Wewe uko kwa msusi, na msusi wako namfahamu, hana haraka na kichwa cha mtu. Nyumba iko kimya. Nina saa chache, kama kifua kitaniruhusu. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya watu wa kuepuka utaambiwa na mama yako mpaka gari liondoke kesho, kwa hiyo mimi siyagusi. Nina jambo moja tu, na tangu asubuhi nazunguka nalo humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda mpaka kwenye geti nikarudi. Sasa nimekaa tena.

Juzi ulipokuwa unakunja nguo uliniambia, "Baba, mimi kipindi changu cha kwanza shuleni Sibwesa naanza na Mama Mapacha. Wale watoto watanikubali siku hiyo hiyo." Nikacheka. Ukaongeza, "Nitawaambia ni mchezo wa baba yangu." Hapo nikaacha kucheka. Ulidhani kifua kimenibana, ukaniletea maji.

Hakikuwa kifua. Mchezo ule si wangu, Devota. Na mwenyewe yuko Sibwesa.

Ulikuwa hujafika hata darasa la tatu nilipokuonyesha. Nilikuambia uchague namba yoyote ya tarakimu sita. Ukasema 352746, sijui uliitoa wapi. Nikaizidisha kwa milioni moja na moja bila kushika kalamu, nikakutajia jibu: 352746352746. Namba ile ile, imejiandika mara mbili. Ulipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Baba mchawi!" Wiki nzima kila aliyekaa kwenye kiti cha wageni alilazimishwa kutoa tarakimu sita. Padri alitoa. Muuza mkaa alitoa. Ukaniuliza kwa nini milioni moja na moja inaitwa Mama Mapacha, nikakujibu, "Kwa sababu ukimpelekea mtoto mmoja anakurudishia wawili." Jibu hilo nalo si langu. Nililipokea kwa mtu, nikakupa wewe bila kutaja nilikolipata.

Kabla ya mama yako nilikuwa na mke. Hilo unalijua kwa juu juu, kama mtu anavyojua kwamba pale penye uwanja zamani palikuwa na nyumba. Jina lake Oresta. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, na hesabu alizipenda kuliko mimi niliyezisomea chuo kikuu. Mimi nilizitumia kuonekana msomi. Yeye alicheza nazo. Tuliishi miaka tisa, hatukupata mtoto.

Nianzie ukutani, maana ndipo kosa langu lilipoandikwa kwa mara ya kwanza, na kwa mwandiko mzuri.

Shule ya sekondari niliyopangiwa haikuwa na vitabu vya kutosha. Nilinunua kopo la rangi nyeusi ya mafuta, nikaandika juu ya ubao, kuelekea kulia, namba tasa kwa mfuatano wake: 2, 3, 5, 7, 11, 13, na kuendelea, kila tarakimu kubwa kama kiganja. Nilipofika 97 ukuta ukaisha. Hapo palikuwa na dirisha. Ningeweza kuliruka nikaendelea ng'ambo ya pili, rangi ilikuwepo bado. Lakini 97 ndiyo ya mwisho chini ya mia, nikaona pamekaa vizuri, nikafunga kopo. Wanafunzi wakatunga msemo: namba tasa za Mwalimu zinaishia dirishani. Walisema kwa utani, ila wapo walioamini kabisa kwamba mbele ya hapo hakuna nyingine.

Na hilo neno. Sijui nani aliamua kwamba namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe iitwe tasa. Alikuwa msomi, bila shaka, na bila shaka mwanamume. Bibi yako, mama yangu, alikuwa anaishi nasi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni; nyumbani tuliongea Kikonongo. Jioni moja naandaa somo, nasoma kwa sauti kama kawaida yangu, akaniuliza kutoka kwenye mkeka wake:

"Tasa ndiyo nini?"

"Ni kama ng'ombe asiyezaa, mama," nikajibu, sikuinua hata kichwa.

"Kumbe hata namba zinao huo ugonjwa," akasema, akacheka peke yake.

Oresta alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Aliendelea kupeta. Kesho yake lile neno lilikuwa jikoni. Wiki ile ile lilikuwa bombani, kwa wanawake wanaochota maji. Watu wengi wa mtaa wetu walikuwa hawajawahi kulitumia kwa mtu. Walikuwa na maneno yao ya kikwao, mengine makali zaidi, lakini hili lilikuwa limetoka shuleni, lina heshima, mtu anaweza kulisema mbele ya wageni. Mimi ndiye niliyeliingiza ndani ya nyumba, kwapani, pamoja na madaftari ya kusahihisha.

Oresta hakunilalamikia. Aliniambia hivi tu, tukila:

"We mwalimu, hizo namba mnazitukana bure."

"Kivipi?"

"Chukua kumi na mbili. Imetoka wapi? Mbili, mbili na tatu. Thelathini na tano? Tano na saba. Namba yoyote ukiichambua mpaka mwisho unawakuta hao hao mnaowaita tasa. Wamezaa namba zote zilizobaki. Tasa gani mwenye ukoo mkubwa namna hiyo?"

"Oresta, hilo ni jina tu."

"Ni jina tu," akasema, "kwa asiyeitwa."

Nilimeza tonge. Nilikuwa na shahada, na nilikuwa nafundisha jambo lile lile kila mwaka kwa jina la "kutafuta vigawo", na halikuwahi kunijia kwa namna hiyo.

Nimesimama tena sasa hivi. Pikipiki imepita nikadhani ni wewe. Si wewe. Naendelea.

Mwezi mmoja baadaye niliingia kidato cha tatu nikaandika ubaoni 1,000,001. Namba nzuri kuitazama: moja huku, moja kule, sifuri tano katikati, na ukiisoma kutoka nyuma ni ile ile. Nikawauliza kama ni tasa. Wakagawana kazi, kila dawati likapewa namba mbili tatu kutoka ukutani. Darasa likawa kama mnada. "Kumi na saba, ina baki, Mwalimu!" "Arobaini na tatu, baki!" "Sabini na moja, baki!" Tukafika tisini na saba. Baki.

Wewe ni mwalimu wa hesabu, unajua kanuni. Ili useme namba ni tasa lazima uigawe kwa kila namba tasa mpaka ufikie kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha milioni moja na moja ni elfu moja na kidogo sana. Chini ya elfu moja zipo namba tasa mia moja sitini na nane. Ukutani kwangu zilikuwepo ishirini na tano. Nilijua. Devota, nataka ulione hili vizuri: sikukosea kwa kutokujua. Nilichoka, kengele ilikuwa karibu, na nilipenda kusikika nimemaliza. Nikapangusa chaki mikononi nikasema:

"Tumejaribu zote. Ni tasa."

Nikapiga mstari chini yake.

Sauti ikatoka dirishani. "Mwalimu, na mia na moja?"

Alikuwa Oresta. Shule yao ilikuwa imefunga mapema, amekuja kuchukua ufunguo wa nyumba, na alikuwa amesimama pale pale ukuta ulipoishia, kichwa chake mahali ambapo ningeandika namba inayofuata. Darasa likaangua kicheko. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mia na moja imekuja na miguu!"

"Mama," nikamwambia, "hili ni darasa."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Nikaenda nikafunga dirisha. Lilikuwa la mbao. Nilisikia ndara zake zikiondoka kwenye changarawe, na ufunguo bado ulikuwa mfukoni mwangu.

Nilimkuta amekaa kizingitini. Hakuwa amenuna, na hilo ndilo lililoniudhi. Aliniambia, "Sikiliza, ni rahisi. Mia na moja mara elfu tisa mia tisa ni laki tisa, tisini na tisa elfu, mia tisa. Imebaki ngapi kufika milioni moja na moja? Mia na moja nyingine. Basi imeingia." Akaonyesha kwa kidole hewani, kana kwamba alikuwa anapanga vikombe kwenye kabati. "Halafu hiyo unayoiita tasa, nipe tarakimu sita." Nikakataa. Akajipa mwenyewe, akazidisha, akacheka. "Unaona? Inazaa mapacha. Mimi ningeiita Mama Mapacha."

Hivyo ndivyo ilivyopata jina. Nami nilikuwa na njaa, na nilikuwa na hasira, na nikamwambia afungue mlango.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Oresta alikwenda hospitali peke yake. Walimpima, hawakuona tatizo, wakamwambia, "Mlete na mume." Akaniambia. Nikamjibu, "Mimi nikapange foleni ile na wazazi wa wanafunzi wangu? Watasema nini?" Akaniambia mara ya pili. Mara ya tatu nikamwambia asinisumbue, nina mitihani ya kusahihisha.

Kisha ukoo ukaita kikao. Aliongoza baba mdogo Kalisti, ambaye wewe hukumkuta. Tulikaa kwa bibi yako, wanaume kwenye viti, wanawake chini. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, na swali lake lilikuwa la haki. Aliuliza mbele ya wote:

"Mwalimu, na wewe umepima?"

Nikasema, "Nimepima. Niko salama."

Ndilo neno zima, Devota. Nimeishi miaka yote hii na maneno yale machache. Yalitoka kirahisi. Yalitoka kwa sauti ile ile ya darasani.

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Kama Mwalimu mwenyewe amefanya hesabu, sisi tutasema nini?" Shangazi mmoja akaguna. Oresta alikuwa chini, karibu na mlango. Alijua sijapima. Angeweza kusema. Aliniangalia, si kwa hasira, bali kama alivyokuwa akiangalia daftari la mtoto anayeweza kupata jibu lakini amenakili. Halafu akawaambia:

"Ameishia tisini na saba."

Watu wakatazamana. "Anasemaje?" "Sijui, huyu mama kachanganyikiwa." Bibi yako akasema ni machungu. Hakuna aliyeelewa pale isipokuwa mimi, nami nikatazama chini.

Aliomba uhamisho mwenyewe, akapangiwa Sibwesa. Aliondoka na sanduku la bati na ule ungo. Jumatatu nilipoingia darasani nilikuta ng'ambo ya dirisha, kwenye ukuta mtupu, imeandikwa kwa chaki nyeupe: 101. Mwandiko ni wa mwalimu wa darasa la kwanza, tarakimu za mviringo, zimesimama wima. Wanafunzi walikuwa wananitazama nitafanya nini. Niliifuta kwa kiganja. Tangu siku ile, katika miaka yote niliyofundisha, sijaandika namba hiyo kwa mkono wangu mahali popote kabla ya leo. Nikiihitaji kwenye mfano, nilichukua mia na tatu.

Baadaye nilimuoa mama yako. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, nyumba ikawa kimya kwa namna niliyoifahamu. Bibi yako akaanza tena kuuliza maswali kwa mafumbo. Mama yako hakungoja kikao. Asubuhi moja alivaa kitenge chake cha kanisani akasimama mlangoni:

"Twende hospitali."

"Tangulia, nitakuja."

"Sitangulii. Tunakwenda wote au hakuna anayekwenda. Na leo hutakula mpaka tumetoka huko."

Tukapanga foleni ile ile. Aliyenipima alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, akaniamkia shikamoo mwalimu, akafanya kazi yake kwa adabu. Tatizo lilikuwa kwangu. Halikuwa hata kubwa: dawa, operesheni ndogo, subira. Ukaja wewe. Umezaliwa, Devota, kwa sababu mama yako alikataa niishie tisini na saba. Mimi sikuwa na ushujaa wowote katika kuja kwako. Niliburutwa.

Nakuambia ukweli wote: tulipotoka hospitali siku ile, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Tulifika mpaka relini, tunasubiri behewa lipite, mama yako anaongea, ndipo nikaisikia ile sauti ya kikaoni, kutoka karibu na mlango. Nikajua sasa ni lazima niende Sibwesa. Si mbali. Nikasema nitakwenda mvua zikikatika. Nikasema nitakwenda mtoto akizaliwa, akibatizwa, akiacha ziwa, akianza shule. Bibi yako alipofariki nikasema sasa hakuna tena wa kumsikia nikikiri. Nilikuwa na sababu ambazo hazina mwisho, kama namba tasa zenyewe.

Badala ya kwenda kwa mtu nilikwenda kwenye namba. Ndiyo tabia yetu sisi tuliosoma. Umeniona mara nyingi na karatasi zangu, ukadhani baba anajifurahisha. Nilikuwa naizunguka milioni moja na moja kama mwizi anavyozunguka nyumba ambayo mlango wake anaujua, ila hathubutu kuugusa. Niligundua kwamba unaweza kuijenga kwa vipeo vya pili viwili: elfu moja mara elfu moja, ongeza moja mara moja. Hiyo kila mtu anaiona. Lakini ipo njia nyingine, imejificha: 980 mara 980, ongeza 199 mara 199. Fanya mwenyewe. Ni 960,400 na 39,601. Jumla ni ile ile. Na namba tasa, kanuni inasema, haiwezi kamwe kujengwa hivyo kwa njia mbili tofauti. Kwa hiyo ushahidi ulikuwepo hata bila kugawa, hata dirisha likiwa limefungwa. Siku nilipoiona njia ile ya pili sikulala vizuri. Nilimfikiria Oresta katika nyumba yetu, mimi elfu, yeye moja. Nikafikiri kwamba kwa watu wengine, mahali pengine, huenda jumla ile ile inakaa kwa uwiano mwingine kabisa.

Nilipostaafu nikaichukua jirani yake, 1,000,003. Hiyo niligawa kwa kila namba tasa, moja baada ya nyingine, mpaka 997; ile moja nisiyoiandika niliigawa kichwani. Nilitumia majira yote ya mvua. Haikukubali hata moja. Hiyo kweli ni tasa, nami niliimaliza kwa haki, bila kuruka. Nikangoja nijisikie vizuri. Sikujisikia chochote. Nilikuwa nimemtendea haki asiyenidai.

Ulipoona jina lako kwenye orodha ya ajira ukapiga vigelegele, "Sibwesa! Baba, Sibwesa!" mimi nilishika ukingo wa meza. Mzee mmoja mwalimu mwenzangu alikuwa ameniambia zamani kidogo kwamba Oresta yupo, amestaafu, anaishi jirani na shule, na watoto wa pale humwita Bibi Mapacha. Kwa hiyo unaelewa. Ungesimama mbele ya darasa lile kwa furaha yako yote, uandike namba ubaoni, useme ni mchezo wa baba yangu, na darasa zima lingekuambia, "Madam, huo ni wa Bibi." Ungecheka. Ungekwenda kumsalimu. Angekuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Sikutaka ulijibu swali hilo ukiwa hujui.

Mama yako nilimwambia jana asubuhi, akichambua maharage. Alikuwa anajua kuhusu Oresta. Hakujua kuhusu "nimepima". Hakuinua macho. Akaniambia, "Nilijua kuna kitu. Mtu hagawi namba miaka yote hiyo kwa sababu ya mapenzi." Nikamuuliza kama amekasirika. "Mimi nilikupeleka kupima," akasema. "Yeye ulimfungia dirisha. Wa kuulizwa kama amekasirika si mimi." Halafu, baada ya sinia lote la maharage: "Mwambie mtoto kabla ya gari, siyo baada."

Yule mwalimu mwenzangu nilitaka kumuuliza jambo moja nikashindwa: kama Oresta alipata watoto. Nabishana na nafsi yangu juu ya hilo mpaka kichwa kinauma. Kama alizaa, je, ndipo nitakubali kwamba nilimdhulumu? Na kama hakuzaa, je, hapo sikumdhulumu? Sikiliza namna ninavyouliza, Devota. Bado nataka tumbo lake linitolee hukumu. Mzee wa umri wangu, kifua kinapiga filimbi, na bado nasimama na chaki nasubiri aniambie kama ina baki. Ukifika huko utajua kama ana watoto au hana. Usiniambie. Nataka nife nikiwa na kosa langu lenyewe, lisilopunguzwa na watoto wake wala kuongezwa na kukosa kwake.

Utafundisha vizuri, hilo sina wasiwasi nalo. Una kitu cha mama yako, hukubali kutangulizwa. Ila ipo siku utachoka, kengele itakuwa karibu, na kuna mtu au mtoto au namba itakuwa mbele yako, na ulimi utataka kusema "tumejaribu zote". Mimi siwezi kukuambia la kufanya siku hiyo. Naweza kukuambia tu kwamba sentensi ile ni tamu, na kwamba niliisema mara mbili, mara moja kwa namba na mara moja kwa mke wangu, na ya kwanza ilikuwa mazoezi ya ya pili.

Ukipewa ukuta wa kuandika, anza mbali na dirisha, au liruke.

Ninachokuomba ni kidogo na unaweza kukikataa. Nenda kwa Oresta kabla ya kipindi chako cha kwanza. Mwamkie shikamoo, mwite mama, maana kwa taratibu zetu ndivyo ilivyo, na kwa haki pia. Mwambie wewe ni wa nani. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Mlango ni wake, nami najua kufungiana kunavyofanywa. Akikukaribisha, usimwombe anisamehe. Sikukutuma msamaha. Mwombe ruhusa ya kuutumia mchezo wake, umwambie jina lake utalitaja. Na umpe ujumbe mmoja, ambao naufanya sasa hivi, kwa sababu nasikia pikipiki imesimama getini na mama yako anagombana na dereva kuhusu ndoo.

Nimeandika 101, kwa mkono wangu. Nimeandika 1,000,001 pembeni yake, nimechora ile nyumba ya kugawia tuliyokuwa tukiwachorea watoto.

Mia na moja katika elfu moja inaingia mara tisa, inabaki tisini na moja. Nashusha sifuri. Mia tisa na kumi: mara tisa tena, inabaki moja. Nashusha sifuri. Kumi: haiingii. Naandika sifuri juu. Hapa ndipo mtu anaona mkononi mwake hana kitu, kumi tu, na anaweza kuweka kalamu chini. Nashusha ile moja ya mwisho kabisa, iliyokuwa inasubiri peke yake pembeni muda wote. Kumi imekuwa mia na moja. Ni yenyewe, imesimama pale kama yeye alivyosimama dirishani.

Inaingia mara moja. Baki hakuna.

Mwambie nimegawa.

Baba yako